Nini Kishike Nafasi ya Supu? Kidonge cha Mchuzi na Chumvi Isiyohesabiwa

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapoambiwa kliniki apunguze chumvi, mara nyingi hurudi baada ya mwezi na kueleza kwa unyofu kwamba ametii. Kopo la chumvi limeondolewa mezani, na nyumbani mboga hupikwa bila chumvi kabisa. Hasemi uongo. Ila hakuna aliyemwuliza juu ya kile kijimraba kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa, ambacho huvunjwa kwa vidole na kunyunyizwa katika sufuria dakika chache kabla ya kuipua. Yeye hakihesabu kuwa chumvi. Kwake hicho ni kiungo tu, kinachoshika nafasi ya maji yaliyochemshiwa nyama siku ambayo nyama haikununuliwa.

Wengi hukiita kwa jina la kampuni inayokitengeneza. Katika makala haya tutakiita kidonge cha mchuzi, ijapokuwa pengine huuzwa kama unga ndani ya kipakiti. Jina hilo lina faida moja kwa mhudumu wa afya: humsaidia kumwonesha mgonjwa kwamba anameza kidonge kimoja asubuhi ili kushusha shinikizo, kisha jioni anatia kingine katika chungu kinachofanya kazi kinyume na kile cha kwanza.

Hatuna nia ya kukilaani kidonge hicho. Kimeingia majumbani kwa sababu za maana: nyama ni ghali, kuni na mkaa ni ghali, na kuchemsha mifupa kwa saa tatu ni anasa kwa mtu anayerudi nyumbani magharibi. Swali letu ni kama ipo njia ya kupata kile ambacho mpishi anakitafuta katika supu bila kubeba chumvi inayofuatana nacho.

Kilichomo ndani ya karatasi

Viambato vya chakula cha viwandani kwa desturi huorodheshwa kuanzia kile kilicho kizito zaidi. Msomaji akigeuza karatasi ya kidonge, mara nyingi atakuta neno la kwanza ni chumvi. Katika vidonge vingi chumvi ni karibu nusu ya uzito wote, na katika vingine huzidi nusu. Nyuma yake huja wanga, mafuta, glutamati, sukari, rangi na viungo vya harufu. Nyama yenyewe, kama imo, ni kidogo mno.

Tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilele, na kiasi hicho ni pamoja na chumvi iliyomo katika mkate, samaki mkavu na vyakula vya dukani. Tuchukue kidonge chenye uzito wa gramu 4 ambacho nusu yake ni chumvi: hizo ni gramu 2. Mpishi akitia viwili katika mchuzi wa watu wanne, kila mlaji amepata gramu 1 kabla ya kijiko cha chumvi kuguswa. Akila mchuzi wa namna hiyo mchana na usiku, sehemu mbili kati ya tano za haki yake ya siku nzima zimekwisha, naye bado anaamini kwamba hajala chumvi.

Baadhi ya karatasi hazitaji chumvi bali sodiamu, kwa kuwa sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayohusika na shinikizo la damu. Kipimo cha sodiamu kikizidishwa kwa 2.5 hutoa kipimo cha chumvi. Gramu 2 za sodiamu ni sawa na zile gramu 5 za chumvi.

Huko mitaani lawama kubwa huelekezwa kwa glutamati. Kiambato hiki kilitengwa mwaka 1908 na mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo, aliyetaka kujua kwa nini supu ya mwani wa baharini ina utamu usio wa sukari, wala wa chumvi, wala wa ndimu. Glutamati hiyo hiyo imo kiasili katika nyanya iliyoiva na katika maziwa ya mama, na mamlaka za usalama wa chakula huihesabu kuwa salama katika viwango vya kawaida vya upishi. Kwa uzito, ile inayouzwa kama unga ina sodiamu karibu asilimia 12, ilhali chumvi ya kawaida ina asilimia 39. Anayeikimbia glutamati kisha akaongeza chumvi amekimbia mvua na kujibanza chini ya mfereji.

Imani juu ya supu yenyewe

Kabla ya kusema nini kishike nafasi ya supu, yafaa tujue supu ina thamani gani. Katika jamii zetu supu ni chakula cha heshima. Mzazi hupelekewa supu ya kuku, aliyevunjika mfupa hupikiwa makongoro, na anayetoka wodini husemwa kwamba anahitaji supu ili damu irudi. Hoja hii ina matunda yake: supu ya moto hufungua hamu ya kula, humpa mgonjwa maji, na kumfariji. Lakini imani kwamba nguvu yote ya nyama imehamia majini si ya kweli, na si sisi tu tulioiamini.

Katika karne ya 19 wataalamu wa Paris walitumaini kwamba rojorojo itokanayo na mifupa, yaani gelatini, ingeweza kuwalisha maskini na wagonjwa wa hospitali kwa gharama ndogo. Akademia ya Sayansi iliunda tume, na ripoti iliyotolewa mwaka 1841 chini ya mwanafiziolojia François Magendie ilionesha kwamba mbwa waliolishwa gelatini peke yake hawakuweza kuishi. Miaka michache baadaye mkemia Mjerumani Justus von Liebig akaja na dondoo la nyama, uji mzito wa kahawia uliosifiwa kuwa kiini cha nguvu ya ng'ombe. Dondoo hilo liliuzwa dunia nzima, na ndilo babu wa kidonge chetu cha leo. Baadaye ilidhihirika kwamba lilikuwa na ladha nyingi na lishe haba. Mwaka 1934 Robert McCance na wenzake wa London walipima supu ya mifupa na ya mboga zilizokuwa zikipewa watoto, wakakuta kalisi iliyomo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya maziwa ya ng'ombe. Kalisi hubaki mfupani, na sehemu kubwa ya protini hubaki katika mnofu.

Nalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu ya watoto. Bado zipo nyumba ambamo mtoto wa mwaka mmoja humwagiwa supu juu ya ugali huku vipande vya nyama vikienda kwa wakubwa, na mama akiwa na yakini kwamba mwanawe ndiye aliyepata kilicho bora. Tumbo la mtoto ni dogo, nayo supu nyepesi hulijaza bila kumpa nishati wala protini ya kutosha. Mtoto apewe mnofu uliopondwa au kukatwakatwa, au samaki, au yai, au maharage yaliyopondwa. Supu iwe ya kulainishia tu. Kidonge cha mchuzi hakina nafasi katika chakula chake, na aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji kuongezewa chumvi. Kwa mzazi, mtori wa Kilimanjaro ni mfano mzuri wa supu iliyo chakula kweli, kwa kuwa ndizi na nyama zimo ndani yake na huliwa pamoja nayo.

Kazi tatu za supu chunguni

Ikiwa lishe si kazi kubwa ya supu, basi mpishi anaitaka kwa ajili gani? Kwanza humpa maji ya kupikia. Pili humpa ile ladha nzito ya nyama inayokaa ulimini. Tatu humpa mwili, yaani ule uzito unaofanya mchuzi ushike tonge badala ya kukimbia. Chumvi huja kama abiria. Mpishi akijua ni kazi ipi kati ya hizi anayoihitaji katika chakula cha siku hiyo, atapata mbadala wake bila shida, na mara nyingine atagundua kwamba maji matupu yalitosha.

Ladha ndiyo ngumu zaidi, basi tukae hapo. Kitunguu kikaangwe kwa mafuta kidogo na moto wa wastani hadi kiwe cha kahawia, si cha njano. Hapo ndipo ladha inayofanana na ya nyama huzaliwa. Nyanya zilizoiva ziongezwe na zipikwe hadi maji yake yaishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Wapishi wengi huharakisha hatua hii, kisha huona mchuzi ni mchachu na hauna maana, ndipo mkono unapokwenda kwenye kidonge. Dakika kumi za subira katika kuunga mchuzi hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kidonge hununuliwa kuifanya.

Nguvu ya pili ni dagaa wakavu. Watolewe vichwa, waoshwe mchanga, wakaushwe tena juani au juu ya kikaango kisicho na mafuta, kisha watwangwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo hutosha mchuzi wa watu wanne, nao hukaa vizuri katika chupa kavu yenye kifuniko. Samaki mkavu ana kiambato cha ladha ambacho kikikutana na glutamati ya nyanya, ladha hizo hukuzana kuliko ambavyo kila moja ingetoa peke yake. Ndiyo sababu dagaa na nyanya hupendana chunguni. Tena, tofauti na supu ya mifupa, hapa mlaji hula na mifupa yenyewe, kwa hiyo kalisi humfikia. Tahadhari ni moja. Dagaa wa pwani mara nyingi huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, ilhali wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa hivyo hivyo. Aonjwe kwanza. Akiwa na chumvi, alowekwe na maji yamwagwe. Ng'onda na papa mkavu hawafai kabisa kwa kazi hii.

Uyoga mkavu uliotwangwa hufanya kazi iyo hiyo kwa wasiokula samaki. Na ipo supu ya mboga, ambayo haigharimu kitu: vikonyo vya giligilani, ncha za karoti, maganda ya nje ya kitunguu yaliyooshwa, vipande viwili vya tangawizi na punje za kitunguu saumu, vyote vichemshwe polepole kwa nusu saa kisha vichujwe. Rangi yake ni ya dhahabu na harufu yake ni ya chakula cha sikukuu.

Kwa upande wa mwili wa mchuzi, maji yaliyochemshiwa maharage, kunde au choroko ni hazina inayomwagwa kila siku. Maji ya kuloweka ndiyo ya kumwagwa. Ya kuchemshia, baada ya maharage kuiva vizuri, ni mazito na yana utamu wake. Tui la nazi na karanga zilizosagwa hutoa uzito pia, lakini tui lina mafuta mengi yanayoganda, basi mwenye lehemu nyingi atumie lile jepesi na kwa kiasi. Jambo la mwisho ni uchachu. Ndimu, limau au ukwaju unaotiwa mwishoni huzindua ulimi kiasi kwamba upungufu wa chumvi hauonekani sana. Chumvi kidogo itakayobaki itiwe chakula kikikaribia kuiva, kwa kipimo cha kijiko na si kwa kukisia kwa kiganja, na iwe yenye madini joto. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Wiki mbili za kwanza ndizo zenye malalamiko.

Pilau ni kesi ya pekee, kwani bila supu ya nyama wengi huona si pilau. Ila rangi yake na sehemu kubwa ya ladha yake hutoka katika kitunguu kilichokaangwa hadi kuwa cha hudhurungi, pamoja na bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Vikikaangwa vyema pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, kisha vikamiminiwa maji ya moto au ile supu ya mboga, mgeni hatauliza kidonge kiko wapi. Wapo wanaotia nyanya pia; wenzetu wa Unguja watanuna, nami niko upande wao.

Wagonjwa ambao hata supu halisi haiwafai

Mpaka hapa tumechukulia kwamba supu iliyopikwa nyumbani ni njema na kidonge ndicho chenye tatizo. Kwa wagonjwa wengine sivyo. Mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye damu yake ina potasiamu nyingi hufundishwa kuchemsha viazi, ndizi na mboga katika maji mengi na kuyamwaga, kwa sababu potasiamu huyeyuka majini. Supu ndiyo maji yale yale ambayo hayakumwagwa. Kwa mgonjwa huyo, supu ya mboga, maji ya maharage na nyanya nyingi, vitu tulivyovisifu hivi punde, vyaweza kuwa hatari. Apikiwe kwa maji matupu, kitunguu, kitunguu saumu, viungo vikavu na ndimu kidogo, kwa mashauri ya mtaalamu wa lishe anayejua vipimo vyake.

Vivyo hivyo mwenye jongo, ambalo wengi hulijua kwa jina la gauti. Vitu viitwavyo purini, ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki, huyeyuka kutoka katika nyama na kuingia majini inapochemka. Yeye heri ale kipande cha nyama iliyochemshwa na aache supu, kinyume cha desturi. Unga wa dagaa nao haumfai. Na aliyepangiwa kiasi cha maji kwa ajili ya moyo kushindwa kufanya kazi, au kwa kuwa anasafishwa damu kwa mashine, akumbuke kwamba bakuli la supu ni maji na huingia katika hesabu.

Hapa ndipo tahadhari juu ya chumvi mbadala inapohusika. Chumvi hizi, ambamo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu, zimeanza kujulikana, na zina ushahidi mzuri. Utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China na kuchapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watu karibu 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi, na wengine wazee wenye shinikizo la juu la damu. Waliopewa chumvi yenye potasiamu robo moja walipata kiharusi kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 14 kuliko waliotumia chumvi ya kawaida. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza chumvi hiyo kwa watu wazima kwa ujumla, lakini si kwa wajawazito, watoto, wala wenye matatizo ya figo au hali nyingine inayozuia potasiamu kutoka mwilini. Baadhi ya dawa za shinikizo na za moyo huleta hali hiyo. Mgonjwa asiinunue kabla ya kuuliza.

Maswali ya kliniki

Kauli ya kwamba mgonjwa apunguze chumvi ni fupi mno kwa jambo lenye milango mingi. Mhudumu wa afya aulize kuhusu sufuria: hupikiwa watu wangapi, hutiwa vidonge vingapi au unga kiasi gani, na chumvi huongezwa juu yake? Jibu la swali la mwisho ndilo lenye uzito. Nyumba inayotia kidonge kimoja bila chumvi nyingine yoyote huenda inatumia sodiamu pungufu kuliko jirani anayepika kwa chumvi ya kiganja na kujisifu kwamba hajui vidonge. Kwa familia isiyoweza kuacha mara moja, nusu kidonge bila chumvi ya ziada ni hatua ya kweli.

Swali jingine ni nani anayepika. Baba anayekaa mbele ya daktari aghalabu hajui kilichomo katika chungu cha nyumbani kwake, na ushauri unaoishia kwake huishia mlangoni. Yafaa mke, binti au dada wa kazi aje naye siku moja, naye asikilizwe kama mtaalamu wa jiko lake. Na kwa anayekula kwa mama lishe kila asubuhi, hakuna wa kumpimia chumvi katika supu iliyokwisha kupikwa. Ale nyama, abakize nusu ya supu katika bakuli, na asiongeze chumvi ya mezani.

Anayepika supu nyumbani, iwe ya mifupa au ya mboga, apike ya siku moja kama hana jokofu. Vimelea vingine hustahimili kuchemka na huamka supu inapokaa vuguvugu usiku kucha, hata kama asubuhi haina harufu mbaya. Mwenye jokofu aipoze upesi kwa kuitia sufuria katika beseni la maji baridi, aihifadhi, na kesho yake aondoe mafuta yaliyoganda juu kabla ya kuichemsha upya hadi itokote.